Mashine kuukuu za kukata majani Mombasa: injini ipi ununue, ipi uiache

Masika yakishapiga Aprili na Mei, majani ya Nyali, Shanzu na Mtwapa hayamngoji mtu, na wauzaji wa mashine za mtumba wanalijua hilo. Anayetaka bei ya maana hununua mvua haijaanza. "Hii imetoka Uingereza, ndugu yangu, haijaguswa," ndiyo salamu ya kwanza utakayopewa. Waache na rangi zao, kizuri chajiuza. Wewe uliza kitu kimoja: silinda ina slivu ya chuma ndani, yaani bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, au ni alumini tupu?

Nauliza hivyo kwa sababu ya mchanga wetu. Kisu kikizunguka hupuliza vumbi juu, na chujio la hewa likiwa limepasuka, mchanga hupitia kwenye kabureta hadi kwenye silinda, ukachanganyika na oili ukawa msasa. Nyingi ya injini hizi hazina filta ya oili wala pampu. Kuna kigurudumu tu ndani kinachorusha oili huku na huku, kwa hiyo uchafu ukishaingia unazunguka nao mpaka siku utakapomwaga oili. Slivu ya chuma huvumilia shida hiyo miaka mingi. Alumini huliwa, ringi za pistoni zikalegea, moshi wa bluu ukaanza.

Kwa hesabu hiyo, ya kwanza kwangu ni Honda GXV160. Ina sentimita za ujazo 163, vali juu, slivu ya chuma. Kipenyo cha silinda ni milimita 68, sawa na GX160, ile injini inayosukuma pampu za maji kila mahali, kwa hiyo fundi aliyezoea pampu hatashangaa akiifungua. Lakini usikubali kuuziwa injini yenyewe ya pampu eti "itafungwa tu". Ya pampu shafti yake inatoka ubavuni, ya kukata majani inashuka chini. Tafuta nambari iliyopigwa kwenye bloku, maana stika hubandikwa na yeyote.

Ya pili, na pengine ndiyo utakayoiona mara nyingi, ni Briggs & Stratton ya zamani yenye vali za ubavuni. Wengi huidharau kwa kelele zake. Mimi naipenda kwa sababu haina siri: kichwa kimeshikwa na bolti nane, unafungua, unakwangua kaboni, unasaga vali, unarudisha. Kabureta zake nyingi hukaa juu ya tangi na kutegemea kiwambo chembamba cha mpira. Ikianza kukohoa, mara nyingi ni hicho kimekauka. Tazama herufi I/C kwenye kava. Ikiwa nazo, silinda ina slivu ya chuma. Isipokuwa nazo, huenda ni alumini tupu, nayo naishusha hadi nafasi ya tano: inafaa kiwanja kidogo cha nyumbani, haifai mtu wa vibarua vya kila siku.

Umri wa Briggs husomwa kwenye nambari zilizopigwa kwenye bati la kava. Nambari ya utengenezaji inayoanza na 910412 ni ya tarehe 12 Aprili 1991. Modeli 92908 huanza na 9, yaani inchi za ujazo tisa, karibu sentimita 148. Chagua iliyotengenezwa baada ya 1982, kampuni ilipoanza kutumia moto wa elektroniki. Za kabla ya hapo zina pointi, vile vibati vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche, na hewa ya chumvi huzifanyia kutu ukaishia kuvuta kamba asubuhi nzima.

Tatu ni Kawasaki FJ180V. Injini ya kazi, ina slivu ya chuma, na kwa uimara ingeweza kushindana na ya kwanza. Kabla ya kutoa pesa, hakikisha fundi wako anajua pa kupata ringi na kabureta yake.

Nne ni Honda GCV160. Angalia herufi vizuri, watu huichanganya na GXV. Ni nyepesi na huwaka upesi, ila kichwa na silinda vimesubiwa pamoja na ndani kuna mkanda wa taimingi, hivyo kazi ya vali ni usumbufu. Tecumseh ni ya mwisho: utengenezaji wa injini zake ulikoma mwaka 2008.

Sasa majaribio. Shika injini kabla ya kitu chochote. Ikiwa ya moto, muuzaji amekwisha kuipasha; rudi kesho. Vuta kamba kwa kasi usikie kompresheni, kwani nyingine zina kipunguza mgandamizo na ukivuta polepole zitaonekana dhaifu bure. Kisha toa plagi, ilaze mashine kabureta ikiwa juu, mwenzako avute kamba nawe utazame kichwa cha bolti ya kisu, mkono ukiwa mbali. Kikiyumba, krankshafti imepinda. Kwa mawe ya matumbawe na mizizi ya minazi tuliyonayo, hiyo ni kasoro ya kawaida sana huku, na hapo mazungumzo yameisha.

Chomoa kijiti cha oili, sugua tone kati ya vidole. Ukihisi chembechembe, shukuru, uende zako. Moshi kidogo wakati wa kuwaka si neno. Ule usiokata baada ya dakika mbili ndio mbaya.

Bodi ya bati ikiwa imeoza kwa chumvi, omba bei ya injini peke yake. Matundu ya bolti za injini za ukubwa huu mara nyingi yanalingana, ila pima unene na urefu wa shafti.

Ukishafika nayo nyumbani, mwaga oili yote, weka SAE 30 mpya, badilisha plagi na chujio. Kwa joto letu, oili ibadilishwe kila saa 25 za kazi. Ukikata saa mbili kwa wiki, ni kama kila miezi mitatu.