Plagini ya malipo inayomwamini kila anayebisha hodi: uzoefu wangu

Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri hairuhusiwi.

Plagini hii (programu ya nyongeza) ya kupokea malipo ya simu kwenye WooCommerce, mfumo wa kuendesha duka la mtandaoni, imeenea hapa Dodoma. Wauza mvinyo wa zabibu, asali ya Manyoni, mafuta ya alizeti ya Singida, wote utawakuta nayo. Jina lake silitaji. Kwa sura sina neno nayo: mteja akibonyeza "Lipia", ombi la PIN linatua kwenye simu hata hajaitoa mfukoni. Balaa linaanza baada ya PIN.

Malipo yakishapita, mtandao wa malipo hutuma ujumbe kwenye anwani ya mrejesho ya duka: namba ya oda, kiasi, na neno COMPLETED. Plagini ikiliona neno hilo, oda inahesabika imelipwa na mzigo unafungwa. Ujumbe umetoka kwa nani? Haiulizi. Kwenye duka la majaribio nilifungua oda ya dumu la lita 5 la alizeti, sikulipa hata senti, nikatuma ujumbe huo mwenyewe kwa mstari mmoja wa curl, amri ya kompyuta ya kutuma ujumbe kwenye tovuti. Oda ikapita. Nikajaribu nyingine, kiasi nikaandika shilingi 1. Nayo ikapita! Na namba za oda zinafuatana tu, 1041, 1042, 1043, kwa hiyo hata kubahatisha hakuna kazi.

Nikawapigia huduma kwa wateja. Jibu: "Kaka, tovuti yako si ina kufuli pale juu? Basi iko salama. Wenzako hawalalamiki, ni wewe tu."

Ni mimi tu! Kufuli lile ni HTTPS. Linazuia bahasha isichunguliwe njiani, halisemi bahasha imeandikwa na nani. Na hao wenzangu hawalalamiki kwa sababu wanatazama orodha ya oda, hawatazami taarifa ya miamala. Siku watakayokaa kulinganisha oda za wiki na meseji za M-Pesa ndipo watajua madumu mangapi yameondoka bure, na nauli ya bodaboda wamelipa wao.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa yake haizidi mistari 20. Duka na mtandao wa malipo wanashirikiana ufunguo wa siri. Kila ujumbe unakuja na saini ya HMAC SHA-256, yaani alama inayokokotolewa kutokana na ujumbe pamoja na ufunguo huo; plagini inaikokotoa upya na kulinganisha kwa hash_equals, kilinganishi salama cha PHP (lugha ya programu iliyoandikia plagini), si kwa alama mbili za sawasawa. Saini ikokotolewe juu ya ujumbe mbichi kama ulivyofika, unaosomwa kutoka php://input. Ukiufungua kwanza kwa json_decode kisha ukaufunga tena, PHP inaongeza mikwaju ya nyuma kwenye anwani za wavuti, baiti zinabadilika, saini inagoma. Hapo ndipo mafundi wengi hukata tamaa na kuufuta ukaguzi wote. Saini ikikubali, bado usiamini: uliza mtandao wa malipo moja kwa moja kwa namba ya muamala, linganisha kiasi na sarafu, kisha hakikisha muamala huo haujatumika kwenye oda nyingine.

Wiki kadhaa baadaye wakatoa toleo jipya. Nikafurahi, nikataka kuwapandisha hadi nyota tatu. Kumbe wameongeza ukaguzi wa anwani ya IP tu (namba ya mtandaoni ya kompyuta inayotuma), na wanaisoma kwenye X-Forwarded-For, kichwa (mstari wa maelezo unaotangulia ujumbe) ambacho mtumaji yeyote anajiandikia apendavyo. Nilibandika IP ya mtandao wao wa malipo kwenye ujumbe wangu wa uongo, ukapokelewa kama mgeni wa heshima. Nyota zangu nimezirudisha kabatini.

Niwe mkweli lakini: hata wakubwa huanguka. Mwaka 2023 WooCommerce Payments, plagini ya malipo ya WooCommerce wenyewe, matoleo 4.8.0 hadi 5.6.1, ilikubali kichwa kimoja kilichotaja namba ya mtumiaji, na asiye na nywila akageuka msimamizi wa duka. Lakini walisema wazi, wakatoa 5.6.2, wakasukuma masasisho hadi kwenye maduka yenyewe. Waliochelewa kusasisha walishambuliwa kwa wingi Julai ya mwaka huohuo. Hakuna aliyeambiwa "ni wewe tu".

Sasa nisimwambie mtu aing'oe leo, maana ombi la PIN kweli linafika haraka na wateja wameizoea. Kwa sasa zuia oda isipande yenyewe: ikishapokea mrejesho ibaki "Inasubiri", mtu athibitishe kwenye taarifa ya miamala ndipo mzigo ufungwe. Kwa oda kumi kwa siku inavumilika. Kwa oda mia ni adhabu, na hapo nasema ing'oe. Ukiing'oa, badilisha pia ufunguo wa siri wa duka lako kwenye mtandao wa malipo: toleo la zamani linauandika wazi ndani ya ukurasa wa malipo, bonyeza kulia, tazama chanzo cha ukurasa, utaukuta katikati ya JavaScript.

Nimewatumia maelezo yote kwa barua pepe, pamoja na mstari wa curl. Hawajajibu. Dumu langu la alizeti bado liko kwenye duka la majaribio, "Inashughulikiwa", linangoja kufungashwa.