Kitalu cha Miche ya Maua Njia ya Marangu: Cha Kununua na cha Kuacha

Wenye nyumba za mlimani Kilimanjaro, kuanzia Kibosho hadi Marangu, ambako masika humwagika Machi hadi Mei na kufuatiwa na baridi na manyunyu ya Juni na Julai, wanafahamu kwamba si kila ua linalopendeza Moshi mjini hustahimili huku juu. Kitalu kidogo kilichopo kando ya barabara ya kwenda Marangu kimelizingatia jambo hilo, kwa kuwa miche yake mingi imekuzwa papo hapo kwenye ubaridi wala haikuletwa kutoka tambarare.

Iliyonivutia zaidi ni mimea isiyotaka kubembelezwa. Agapanthasi, yenye asili ya kusini mwa Afrika, huuzwa ikiwa imegawanywa kutoka kwenye shina mama, na kiriba, yaani kifuko cha plastiki cha mche, nilichokichana nyumbani kilijaa mizizi minene, myeupe, iliyouzunguka udongo wote. Ikishapandwa, kazi inayobaki ni kuigawa tena pale fungu linapobanana. Haidranjea nayo hustawi kwenye kivuli chepesi, na kwa kuwa rangi ya aina zake nyingi hutegemea udongo, maua ya pinki yanayoonekana kitaluni yanaweza kuwa ya buluu yakihamishiwa kwenye udongo wenye tindikali. Muuzaji alinieleza hayo kabla sijalipa, nami nilimheshimu kwa hilo. Masale, mmea wanaouheshimu kimila, hayahitaji kusifiwa kwa Wachagga, ila sioni sababu ya kuyanunua, ilhali pingili ikiombwa kwa jirani na kuchomekwa ardhini wakati wa mvua hushika bila taabu.

Waridi ndizo zilizonikatisha tamaa. Majani ya chini yalikuwa na madoa meusi yenye kingo za njano, dalili ya ugonjwa wa ukungu unaoenea majani yanapokaa na maji muda mrefu, kwa hiyo asiyetaka kupulizia dawa mara kwa mara aziache. Aidha, baadhi ya viriba vimekaa juu ya udongo mtupu hata mizizi imetoboa na kuzama chini, nayo hukatika vinaponyanyuliwa. Ni vyema kuomba vilivyopangwa juu ya mbao.

Bei zinajadilika, hasa kwa anayechukua miche mingi, na samadi yao imeoza vizuri. Wakati wa mvua njia ya kuingilia huteleza mno, hivyo mwenye gari dogo aliache barabarani na kuwaomba vijana wa kitaluni wambebee viriba.