Usingizi ukigoma: Piriton au melatonini?

Usingizi ukipotea usiku mmoja mmoja, wengi wetu hukimbilia Piriton. Hiyo ni dawa ya aleji. Kusinzisha ni athari yake ya pembeni tu. Kidonge cha miligramu 4 ni bei rahisi, kipo kila duka la dawa, na kweli kinalaza. Shida ni asubuhi: dawa hukaa mwilini muda mrefu, unaamka kichwa kizito na mdomo mkavu. Dereva wa bodaboda akishika usukani hivyo, anahatarisha roho yake na ya abiria. Ukiimeza siku kadhaa mfululizo, mwili huizoea. Wazee waiepuke: huwavuruga akili, huzuia mkojo, huwaangusha. Na usiichanganye na pombe, tafadhali.

Melatonini ni homoni ambayo ubongo hutoa giza likiingia. Haikulazi kwa nguvu; inaujulisha mwili kwamba ni usiku. Inamfaa zaidi aliyesafiri kwa ndege nchi za mbali zenye saa tofauti, kuliko anayewaza ada. Marekani huuzwa kama kirutubisho, Uingereza kwa cheti cha daktari.

Kwa safari, nachagua melatonini. Kwa usiku wa mawazo, sichagui yoyote.