Forodhani baada ya ukarabati: bustani inayokishinda chakula chake

Kila mgeni anayeshuka bandarini Unguja huambiwa aende Forodhani jioni akale, na karibu kila mwenyeji wa mjini ana maoni yake makali kuhusu ushauri huo. Mimi ni mtu wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, nimekuwa nikienda bustani ile tangu enzi za taa za karabai, na mwezi huu nimekwenda mara tatu kwa nia maalumu ya kuitathmini kama mteja yeyote, yaani kukaa, kula, kulipa na kutazama. Nimeichagua kwa sababu katikati ya mji wetu kazi za kubomoa na kujenga ni nyingi siku hizi, na nyingi kati yake bado zinanuka rangi, hivyo kuzisifu au kuzilaumu sasa ni kukisia tu. Forodhani ilikarabatiwa kati ya 2008 na 2009, na muda uliopita tangu wakati huo unatosha kabisa kuipima.

Nianze na kile ambacho mgeni hakioni. Jina la mahali hapa linatokana na forodha iliyokuwa ufukweni, na mabanda yake yaliondolewa baada ya shughuli za meli kuhamia mtaa wa Malindi, hapa hapa mjini. Mwaka 1936 pakafunguliwa bustani ya kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Haroub, ikaitwa Bustani ya Jubilii. Ardhi yenyewe, kwa hiyo, ni ya kuzuiliwa na ukuta: upande mmoja kuna bahari, upande wa pili udongo na kifusi, na kati yao mawe yaliyopangwa na watu. Ukuta wa namna hii hauuawi na wimbi linaloupiga kifuani. Bahari huula miguuni, ikinyonya mchanga kidogo kidogo kupitia nyufa za mawe kila maji yanapojaa na kupwa, hadi ardhi ya nyuma yake inabaki na mashimo ambayo hakuna anayeyajua mpaka siku sakafu inapotitia. Ukiongeza mvua za masika zisizo na mahali pa kutokea, unapata ile Forodhani tuliyoizoea mwanzoni mwa miaka ya 2000, yenye madimbwi, ukuta uliochoka na njia za udongo ambazo mtu alizipita usiku kwa kupapasa.

Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ambao kabla ya hapo ulikuwa umeikarabati ile zahanati kongwe ya Tharia Topan iliyopo kando ya barabara ya Mizingani, ndio uliofanya kazi hii kwa kushirikiana na serikali, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 2 za Kimarekani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilihusu ukuta wa bahari, mitaro, umeme na sakafu, mambo ambayo hakuna mtu atakayepiga picha akiwa amesimama mbele yake, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri ya mafanikio yake. Ningependa kila anayekabidhiwa kazi ya kupamba mji wetu aulizwe kwanza maji ya mvua yataelekea wapi, kisha ndipo aruhusiwe kuonyesha michoro ya miti na mabenchi.

Jambo la pili lililofanywa vizuri ni kuwabakiza wauzaji. Ilikuwa rahisi sana, kwa kisingizio cha usafi, kuwafukuza wachoma mishikaki na kuuweka mahali pao mkahawa mmoja wenye vitambaa vyeupe mezani. Badala yake walitengewa eneo lao lenye sakafu ya mawe na taa za umeme, na bustani iliyobaki ikaachwa kwa miti, nyasi, jukwaa la bendi na watu wasionunua chochote. Mgawanyo huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana, kwa kuwa moshi na makelele ya biashara vina mahali pake, na mzee anayetaka kukaa kimya akipunga upepo ana pake pia. Siipendi ile desturi ya wauzaji kuvaa kofia ndefu nyeupe za wapishi wa hotelini, ambayo naona inawafanya wafanane na picha kwenye kadi ya posta, lakini hilo ni suala la macho yangu tu.

Sasa chakula, ambacho ndicho kinachowaleta wengi. Meza hupangwa jua linapoanza kushuka, na kwa mtazamo wa kwanza zinavutia kwelikweli: mishikaki ya jodari na nguru, kamba, ngisi, mikono ya pweza, kaa, muhogo, viazi vitamu, ndizi na mkate wa ajemi, vyote vikiwa vimerundikwa chini ya taa kali. Anayejua jiko ataona mara moja kwamba sehemu kubwa ya vitu hivyo imekwishapikwa mapema na inasubiri kupashwa moto juu ya makaa mteja akichagua. Kwa pweza hilo si kosa hata kidogo, kwa sababu pweza lazima achemshwe kwanza ndipo alainike, na makaa humwongezea ladha tu, hivyo pweza niliyemla mara zote tatu alikuwa mzuri, laini, na chachandu yake ilikuwa kali inavyostahili. Kwa jodari na kamba hali ni tofauti. Samaki aliyechomwa alasiri na kurudishwa motoni saa mbili usiku hukauka hadi nyuzi zake zikahesabika, na hakuna ndimu itakayomrudishia maji yake. Ushauri wangu ni kutafuta meza yenye samaki mbichi waliokolezwa viungo, kumwomba muuzaji achome mbele yako, na kuwa tayari kungoja.

Ile inayoitwa pizza ya Zanzibar imepata sifa kubwa kuliko inavyostahili, ingawa kuitazama ikitengenezwa ni burudani. Kidonge cha unga hutandazwa kwa viganja hadi kinakuwa chembamba kama karatasi, hutiwa nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili, yai na jibini laini, hukunjwa kama bahasha, kisha hukaangwa kwenye chuma bapa. Waarabu wana mutabbaq yao inayofanana nayo sana, na kwangu mimi ni chakula cha heshima cha kushibisha mwenye njaa. Kile kiasi cha jibini na mafuta kinachoongezwa kwa ajili ya kuwafurahisha wageni ndicho kinachoizamisha. Urojo, ile supu chachu ya embe, pia unapatikana, lakini urojo ni chakula cha alasiri na cha uchochoroni, na nimekula mwingi ulio bora kuliko huu kwa akina mama wanaoupika vibarazani. Rojo ya Forodhani ilikuwa nzito mno na embe halikusikika.

Kilichonishinda kukikosoa ni juisi ya miwa. Muwa humenywa, hukunjwa pamoja na tangawizi na ndimu, kisha hupitishwa kwenye mashine yenye gurudumu kubwa mara mbili, tatu, hadi unabaki makapi makavu. Ikinywewa pale pale haina mfano, na ikikaa nusu saa tu hubadilika rangi na ladha, ndiyo maana juisi hii haiwezi kufungwa kwenye chupa ikapelekwa hotelini. Mtu akiniambia anacho kiasi kidogo tu cha kutumia Forodhani, nitamwambia anunue bilauri mbili za juisi ya miwa na sahani moja ya pweza, basi.

Kuhusu bei nina manung'uniko. Katika meza nilizosimama hapakuwa na bei iliyoandikwa, na jumla ya sahani ilitegemea sana uso wa mwenye kuinunua. Siku ya pili nilikwenda na mama mkubwa, ambaye amefanya biashara ya vitambaa maisha yake yote na hawezi kununua hata ndimu bila kuuliza.

“Mwanangu, sahani hii yote jumla utaniuzia kiasi gani?” alimwuliza kijana mmoja kabla hajagusa kitu.

“Shikamoo, bi mkubwa. Wewe ni wa hapa hapa, hatutagombana,” alijibu kijana huku akicheka.

“Marahaba. Hatutagombana, lakini itaje.”

Aliitaja, na ilikuwa bei ya haki. Hata hivyo, jibu lile la kwanza lilieleza kila kitu: kuna bei ya wa hapa na bei ya wasio wa hapa, na kati ya hizo mbili kuna nafasi ya kutosha kumwudhi mgeni hadi asirudi. Bango dogo la bei kwa kila meza lingemaliza ubishi huo bila kumpunguzia muuzaji riziki yake.

Lakini ningekuwa nimeandika tathmini pungufu kama ningeishia kwenye sahani. Kabla ya Magharibi ukutani huwa pamejaa makachu, vijana wanaokimbia kwa kasi na kujirusha baharini wakipinduka angani, na huzungukwa na umati unaopiga makofi. Baada ya Isha huja familia nzima nzima, wengi wao wakitoka Ng'ambo, wakiwa na watoto waliovalishwa vizuri na chupa za chai walizobeba nyumbani. Hakuna geti, hakuna tiketi, na sikumwona mtu yeyote akiinuliwa kwenye benchi kwa kuwa hakununua kitu. Kwa sisi tuliokulia karibu na maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa wakati wa Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, jambo hili lina uzito wake. Maghorofa yale ni imara na barabara zake ni pana, lakini sehemu za kukaa jioni bila kudaiwa chochote ni chache, hivyo mtu huvuka Darajani, akalipita soko la 1904 na vichochoro vyote vya Mji Mkongwe, ili tu akae mbele ya bahari na wanawe.

Kinachoumiza ni upande wa nyuma. Bustani ni kama chumba, na chumba hiki kina bahari kwa mbele, Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, kwa nyuma. Jengo hilo la pili, alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake ya mbele tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo anayekaa Forodhani usiku na kugeuza shingo haoni tena zile roshani zake ndefu jinsi zilivyokuwa zikimeta. Hakuna hitilafu ya bustani inayoweza kufananishwa na pengo hilo, ingawa bustani yenyewe haina lawama yoyote.

Kwa atakayekwenda, siku za kati ya juma ni bora kuliko Ijumaa na Jumamosi, na katika mwezi wa Ramadhani watu ni wengi mno baada ya tarawehe, ingawa wengine huupenda umati huo. Afike saa kumi na moja na nusu jioni, aketi upande wa ukuta, awatazame makachu mpaka jua lizame, na aziendee meza baada ya sala, wakati makaa yamekwishakolea. Mama mkubwa, nilipomwomba hukumu yake tukirudi nyumbani, alisema samaki wake ni mzuri zaidi na upepo wa Forodhani ni mzuri kuliko wa nyumbani kwake, na kwamba wiki ijayo tutakwenda tena, ila samaki tutabeba.