"Imetatuliwa," wamesema watu tunaowalipa watulindie mtandao wa ofisi. Kaitatua nani?

Ujumbe wenye neno hilo uliingia kwenye barua pepe yangu nikiwa bado naongea kwenye simu na kijana wao. Sentensi sijaimaliza. Namweleza kwamba kuna kompyuta ndani ya ofisi yetu inawagongea wenzake milango usiku, kumbe yeye huko ameshabonyeza kitufe. Tiketi, yaani faili la lalamiko langu kwao, imefungwa. Imetatuliwa.

Ngoja nirudi nyuma, hasira inanikimbiza. Mimi ni mtu wa IT, peke yangu, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar. Kompyuta kama themanini, seva chache, na printa zinazogoma kila mwisho wa mwezi. Mwaka jana hivi bosi alikubali tulipie huduma ya ulinzi wa mtandao. Wanakuja, wanafunga kisanduku chao kwenye raki, kisha wanakaa kwao wakitazama usiku na mchana, na wakiona mtu anatuchungulia wanapiga simu. Jina lao siliweki hapa. Bei nayo siitaji, presha itapanda.

Mwanzoni niliwasifia, nakiri. Dashibodi, ukurasa wao wa ripoti, ilikuwa nyekundu kila asubuhi, maelfu ya mashambulizi yamezuiwa, bosi akawa anaionyesha kwa wageni. Ila aliyekaa kwenye kazi hii anajua: ukiwa na anwani ya intaneti iliyo wazi, unagongwa kutwa na maroboti ya dunia nzima. Hiyo ni mvua juu ya bati. Mwizi wa kumwogopa ni yule aliyekwisha kuingia, anatembea pekupeku anahesabu vyumba.

Mimi nina kamtego kangu. Chini ya meza nina kompyuta kuukuu, nimeipa jina MISHAHARA, nikaweka mfumo wa Linux na kuiambia fayawoli yake, ule ukuta wa ulinzi, iandike kila anayeigonga. Haina kazi nyingine yoyote. Haina faili, haina mtumiaji, hakuna binadamu mwenye sababu ya kuibishia hodi. Kwa hiyo akibisha mtu, nataka kujua ni nani.

Wiki moja nikafungua logi yake, kumbukumbu za waliogonga, nikakuta mistari mitatu. Mitatu tu! Saa 7:12 usiku, poti 445 (poti ni kama mlango wenye namba kwenye kompyuta), ile ya kushirikishana mafaili. Usiku uliofuata, saa 4:22, poti 3389, ya kuingilia kompyuta kwa mbali. Kesho yake saa 1:32 jioni, poti 22, nayo ya kuingilia kwa mbali. Zote kutoka anwani moja, kompyuta ya uhasibu ambayo haizimwi.

Nikatazama ile mistari nikinywa chai, na ghafla chai ikakosa ladha. Toka wa kwanza hadi wa pili ni saa 21 na dakika 10. Toka wa pili hadi wa tatu, saa 21 na dakika 10. Mtandao wetu wa ndani una anwani 254. Gonga moja, subiri dakika 5, gonga inayofuata: 254 mara 5 ni dakika 1,270, yaani saa 21 na dakika 10 kamili. Mtu alikuwa anapita nyumba hadi nyumba, mlango mmoja kila baada ya dakika tano, akimaliza mtaa anarudi na poti nyingine. Ndiyo tunaita skani. Nmap, programu ya kupiga skani ambayo ipo tangu 1997, ina mwendo wa hivyo hivyo, wa kobe, kwa sababu mitambo mingi ya ulinzi huhesabu umegonga mara ngapi ndani ya muda mfupi. Ukienda taratibu, hesabu haifiki.

Ndipo nikapiga simu.

"Kaka, mara moja kwa siku ndiyo unaita skani? Hiyo ni kelele ya mtandao. Mmefunga printa mpya?"

Nikamwambia hatujafunga printa, nikaanza kumsomea saa.

"Kwani wewe ni wa IT au wa stoo?"

Sikumtukana. Nilitaka. Nikavuta pumzi niendelee, ndipo ile barua pepe ikalia.

Nilikwenda mwenyewe uhasibu nikachomoa kebo. Kwenye logi za Windows, tukio namba 4688, linaloandika kila programu inayofunguliwa, nikakuta amri zimepigwa ndani ya dakika mbili: whoami, nltest /domain_trusts, net group "domain admins" /domain. Yaani: mimi ni nani, mtandao huu unaaminiana na upi, na wenye funguo zote ni akina nani. Mama wa uhasibu anaijua Excel kuliko mimi, lakini lile dirisha jeusi hajawahi kulifungua maishani. Amri zenyewe ni za Windows, antivairasi inaziona kama watoto wa nyumbani. Mwizi aliingilia wapi? Ankara feki iliyotumwa kwa barua pepe. Ya kawaida kabisa.

Sasa haki yao niwape. Siku chache baadaye walimtuma dada mmoja, mhandisi, mpole, kaja na kebo zake. Alitazama raki akatikisa kichwa. Kisanduku kilikuwa kimefungwa kwenye ruta, mlango wetu wa kwenda intaneti, kinaona kinachotoka na kuingia tu. Kompyuta na kompyuta zikiongea humu ndani kupitia swichi, kifaa kinachoziunganisha, chenyewe hakina habari. Akaniomba poti ya kunakili mawasiliano kwenye swichi kuu, akakihamishia hapo, akaandika sheria moja: kompyuta ya ofisi ikianza kuongea na nyingi ambazo hazina desturi ya kuongea nazo, hata kama inachukua siku tatu, apigiwe mtu simu. Nikaijaribu usiku kwa mwendo wa kobe. Walipiga. Kwa huyo dada, nyota tano.

Halafu akafungua kumbukumbu za kisanduku chao na akanyamaza. Kompyuta ya uhasibu ilikuwa inawasiliana na kompyuta ya nje, anwani ileile, muda uleule, wiki mbili kabla. Kisanduku kiliona. Kiliandika. Daraja la hatari: chini. Hakuna aliyesoma.

Kwa hiyo mtambo ni mzuri. Ni mzuri kweli, nisiseme uongo. Lakini mimi sikulipia mtambo, nililipia macho ya watu, na nani aliyekifunga pale kwenye ruta tangu mwanzo kama si wao? Nilikuwa nimeshaandika nyota tatu hapa. Nimezifuta, naweka moja na nusu, nusu ni ya dada.

Ile tiketi nimeomba mara tatu waifungue upya waandike kilichotokea. Bado inasomeka imetatuliwa. Mkataba unaisha mwezi huu, bosi kaniuliza tusaini tena au tuache. Nimemwambia Jumatatu.