Pampu ya ioni ya kutia dawa ya kifafa ndani ya ubongo: inafaa nini kwa mgonjwa wa Dodoma?

Tuanze na uamuzi: wazo la kifaa hiki ni zuri sana, lakini hakiuzwi, na matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2018 yalitokana na panya tu. Mwenye mgonjwa Kongwa au Bahi asiache vidonge kwa kukisubiri.

Tatizo kinacholishughulikia ni la kweli. Fenobabitoni, dawa ya kifafa ya vidonge, ikishamezwa huzunguka mwili mzima, na ubongo wote huipata hata kama mishtuko ya kifafa inaanzia sehemu moja ndogo. Ndiyo maana mgonjwa husinzia, na baadhi ya watoto hushindwa kutulia darasani. Zipo pia kemikali zisizofaa kumezwa kwa sababu kizuizi kati ya damu na ubongo huzizuia. Mojawapo ni GABA, ambayo ubongo wenyewe huitumia kutuliza seli za neva.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiwemo Christopher Proctor na George Malliaras, pamoja na wenzao wa Ufaransa, waliipeleka GABA moja kwa moja. Kifaa ni uzi mwembamba unaochomekwa kwenye ubongo, wenye elektrodi (vipokezi vidogo) za kusikiliza umeme wa seli pamoja na pampu. Dalili za mshtuko zikionekana, pampu huwashwa. Umeme huisukuma GABA, ikiwa katika hali ya ioni (yaani yenye chaji ya umeme), ipenye utando maalumu na kutokea pale pale mshtuko unapoanzia.

Hapa ndipo penye ubora wake. Ukisukuma dawa kwa maji, shinikizo hupanda na tishu inaweza kuumia. Pampu hii hupitisha dawa bila maji yake, na kiasi kinachotoka hupangwa kwa umeme. Katika panya, chini ya asilimia 1 ya dawa iliyopakiwa ilitosha kuzuia mshtuko.

Kasoro zake si ndogo. Molekuli isiyo na chaji haisukumwi na umeme, kwa hiyo si kila dawa itapita. Lazima chanzo cha mshtuko kijulikane kwa EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) na MRI (picha ya ubongo). Mgonjwa ambaye mishtuko yake huanza pande zote za ubongo kwa pamoja hana pa kuchomekewa. Fuvu hufunguliwa, na upasuaji una hatari ya maambukizi na kuvuja damu. Baada ya muda ubongo hujenga kovu kuzunguka kitu kigeni, na kovu hilo huweza kudhoofisha usikivu wa elektrodi. Tungekipa alama za juu kwa ubunifu, na sifuri kwa upatikanaji.

Kwa leo, njia ya haraka ya kufikisha dawa kwenye ubongo nyumbani ni diazepamu ya maji, dawa ya kukatisha mshtuko, kupitia njia ya haja kubwa. Huyeyuka katika mafuta, hivyo huvuka kile kizuizi upesi, mara nyingi ndani ya dakika 5 hadi 10. Kichupa cha sindano kina miligramu 10 katika mililita 2. Kipimo cha kawaida kwa mtoto ni miligramu 0.5 kwa kila kilo, kisizidi 10: mtoto wa kilo 10 hupata mililita 1. Daktari wa kliniki, iwe hospitali ya Mirembe mjini Dodoma au hospitali ya wilaya, akiandike kwanza na kumwelekeza mlezi.

Hutolewa mshtuko ukipita dakika 5. Mlaze mgonjwa kwa ubavu, vuta dawa kwa bomba la sindano, kisha ONDOA SINDANO. Paka ncha ya bomba mafuta, ingiza sentimita 4 hivi kwenye njia ya haja kubwa, sukuma taratibu, halafu bana makalio dakika chache dawa isirudi nje. Kuichoma kwenye msuli ni kosa tunaloliona likirudiwa: huko hunyonywa polepole na bila mpangilio. Usiivute mapema ukaiweka kwenye bomba pia, maana hunata kwenye plastiki na kipimo hupungua.

Angalia pumzi muda wote. Mshtuko usipokoma dakika 10 baada ya dawa, au pumzi ikipungua, apelekwe hospitali mara moja. Dozi ya pili isitolewe nyumbani. Hata ukikoma, diazepamu hutoka kwenye ubongo upesi ikahamia kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo mshtuko unaweza kurudi siku hiyo hiyo. Kidonge cha kila siku kiendelee kama kilivyopangwa.