Siku 7 ndani ya boti ya kuzamia: uzoefu wangu (na mtungi wa hewa ulioandikwa uongo)

Nimerudi juzi, masikio bado yana maji na nikifumba macho kitanda kinayumba, kwa hiyo nikichanganya mambo mnivumilie tu.

Ilikuwa safari ya siku 7, tunalala humohumo kwenye boti, wazamiaji 18, mbizi 3 mchana na moja ya usiku bahari ikiruhusu. Jina la boti silitaji, mtaona kwa nini.

Kwanza kabisa hesabu ya siku. Tangazo linasema 7 lakini za kuzamia kweli ni 5, maana siku ya kwanza inaishia kufunga vifaa na mbizi moja fupi ya kuangaliwa kama unajua unachofanya, na ya mwisho huingii majini kabisa kwa sababu ya ndege. Ukizamia siku kadhaa mfululizo inashauriwa ukae angalau masaa 18 ndo upande ndege, naitrojeni (gesi ya kwenye hewa tunayovuta) iliyojaa mwilini haina undugu na mtu. Hilo sina shida nalo, shida yangu ni kwamba liandikwe kwenye tangazo mtu ajue analipia nini, sio unaambiwa ukiwa umeshapanda na mabegi yameshaingia ndani.

Kebini yangu ilikuwa ya chini, katikati ya boti. Nilichagua mwenyewe, nilisikia huko ndo hakuyumbi sana na kweli hakuyumbi, ila hakuna aliyeniambia jenereta iko nyuma ya ukuta wa kichwani kwangu. Usiku wa pili nikabeba shuka nikahamia dekini juu na sikurudi tena. Nilivyo mwoga niliuliza na mlango wa dharura uko wapi, wenzangu wakacheka, lakini mi ile boti ya Conception iliyoungua California mwaka 2019 haijanitoka kichwani, watu 34 walikufa wakiwa wamelala chini na hakukuwa na mtu wa zamu anayezunguka usiku. Hawa jamaa nawasifu bila kinyongo, kila nilipoamka usiku nilimkuta kijana mmoja na tochi anapita, anakagua mpaka pale tunapochajia betri za kamera.

Haya sasa, mtungi.

Tulikuwa tunatumia naitroksi ya asilimia 32. Kwa wasioijua, ni hewa iliyoongezwa oksijeni ili naitrojeni ipungue, unakaa chini muda mrefu kidogo, lakini oksijeni nayo ukishuka nayo sana inageuka sumu, unaweza kupata degedege hukohuko chini, na degedege ukiwa na rigulita (kile kifaa cha kupumulia) mdomoni sihitaji kukueleza mwisho wake. Ndo maana kila mzamiaji anatakiwa apime mwenyewe oksijeni ya mtungi wake, aandike kwenye daftari na asaini. Siku ya tatu asubuhi nafika nakuta daftari limeshajazwa, safu nzima 32, 32, 32, mwandiko mmoja, bado sahihi zetu tu. Wenzangu wanasaini wanavaa. Mi nikachukua kipimo nikakiweka kwenye mtungi wangu, nikafungua kidogo hewa itoke kwa mluzi, namba zikaanza kupanda, 31, 33, nikasema sasa itasimama, 35, ikatulia 36. Nikadhani kipimo kibovu, nikakijaribisha kwenye hewa ya kawaida kikasoma 20.9 kama kinavyotakiwa. Nikarudia mtungi. 36.

Mpango wa asubuhi ile ulikuwa mita 32. Kwa oksijeni ya asilimia 32 unaruhusiwa mpaka kama mita 33, kwa asilimia 36 mwisho wako ni mita 28 na kitu. Yaani ningeshuka na kompyuta ya kuzamia mkononi, niliyoiambia 32, inayoamini uongo, inanionyesha kila kitu shwari.

Nikamwita kiongozi wa mbizi. Huyu baba sijui nimsifu vipi, hakubisha wala hakutafuta maneno, alisimamisha watu wote, waliokuwa wameshavaa wakavua, mitungi ikapimwa upya mmoja mmoja na miwili mingine ikakutwa haiko sawa. Aliyejaza daftari alikuwa kijana wa kompresa, ile mashine ya kujazia mitungi, alitaka kutuokolea muda. Tulichelewa saa nzima na kuna mzee mmoja kwenye kundi letu alinuna mpaka mchana, lakini kuanzia hapo hakuna mtu aliyesaini bila kupima.

Mbizi zenyewe sasa, aisee. Siku ya nne tulishuka kwenye jiwe moja la mita 14 ambapo manta, wale taa wakubwa, wanakuja kusafishwa na visamaki. Tukalala kwenye mchanga, mbali na matumbawe, tukasubiri, dakika kumi hakuna kitu nikaanza kuwaza mambo ya kazini huko juu, mara mwanga ukapungua. Nikainua kichwa, huyo hapo, ananielea juu kama jamvi, visamaki vidogo vinaingia na kutoka kwenye mashavu yake. Tumboni ana madoadoa meusi, kila manta na yake, ndo wanavyotambulika mmoja mmoja. Nilitamani kubana pumzi mapovu yangu yasimsumbue, na hiyo ndo sheria ya kwanza ya kuzamia, usibane pumzi, basi nikawa natoa kidogokidogo kama mtu anayepuliza chai.

Mkondo nao usiuchukulie poa. Kwenye mlango mmoja wa bahari tulisombwa tukaibukia mbali, boti inaonekana kama kiberiti, mawimbi yanatupanda kichwani. Nilipulizia boya langu la rangi ya chungwa na kiboti kikatuona baada ya kama robo saa. Mwenzangu alikuwa hana boya kabisa, alinishika jaketi muda wote huo hata utani hakuwa nao tena. Nunua lako, usitegemee la kuazima.

Siku ya tano nikaruka mbizi mbili, nimechoka na sikio la kushoto linagoma kusawazisha presha ya maji. Nilijisikia vibaya nimelipa halafu nalala, ila nililala.

Nyota 4. Mahesabu ya siku na kelele ya jenereta ningevisamehe, nyota iliyotoka ni ya lile daftari. Nimeshaagiza kipima oksijeni changu mwenyewe, na mwakani mambo yakikaa sawa napanda boti hiyohiyo, ila kebini ya juu.